Kilo za Mzee Ochan

Tuwekeane beti kabisa kabla hatujaanza: hii hakuna mtu ataamini. Utasikiliza mpaka mwisho, utacheka, halafu utasema, "Ah, huyo naye." Sawa, sema. Lakini Kamwokya nzima, hapa Kampala, ilimwona kwa macho yake mtu akimpigia mzee mgonjwa makofi barabarani kwa sababu amekonda, na mzee mwenyewe akapiga saluti.

Mpiga makofi ni Pitshou, Mkongomani wa mizani. Ukipita sokoni ukaelekea kwa mafundi wa redio, utamkuta kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja uliofungwa waya. Mbele yake kuna mizani ya kupanda kwa miguu, imekalishwa juu ya kipande cha boksi kama chifu juu ya zulia. Unavua viatu, unapanda, anakusomea kilo zako, unaacha sarafu, unaenda. Kazi ni hiyo tu. Mjini wako wengi wanaifanya, na kwa sababu wako wengi, Pitshou alihitaji kitu ambacho wengine hawana. Kitu hicho ni mdomo. Mdomo wa Pitshou ulizaliwa Butembo, yeye akafuata siku ya pili yake.

Shule aliiacha mapema, yeye anasema shule ndiyo iliyochoka kwanza. Lakini jambo moja la Kampala alilielewa haraka kuliko maprofesa. Hapa mtu akikuambia umenona, amekusalimia vizuri kupita habari za asubuhi. Maana yake unakula, nyumbani kuna amani, kazi inaenda. Akikuambia umekonda, amekutukana. Akiongeza na pole juu yake, basi amekuzika, bado mchanga tu.

Kwa hiyo Pitshou akajiwekea sheria ya kazi. Kilo zikipanda, anazitangaza mpaka ng'ambo ya barabara, muuza chapati asikie, watu wa boda wageuke. Kilo zikishuka, anainama na kukunong'oneza sikioni kama padri, halafu anasema labda mizani nayo imechoka na jua. Wateja walimpenda. Kuna mama mmoja alikuwa anatoka Kabalagala kuja kupimwa kwake, wakati huko Kabalagala mizani imejaa kila kona, kwa sababu anasema za huko hazina heshima.

Nyuma ya mahali pake kuna safu ya vyumba vya kupanga, na katika chumba cha mwisho anakaa Mzee Ochan, sajenti mstaafu wa jeshi, Mwacholi mrefu mwenye mgongo ulionyooka mpaka unamwonea huruma mtu wa kumshonea shati. Urafiki wao ulianza siku ambayo Pitshou alifika kutoka Kongo bila neno hata moja la Kiganda. Aliomba maji kwa Kiswahili, na Kampala ukiongea Kiswahili na watu usiowajua, wanafikiri wewe ni askari, au umekuja kuchukua kitu chao. Watu wakashika mifuko. Mmoja tu ndiye aliyemjibu, sauti kutoka nyuma: "Simama hapo. Wewe nani?" Pitshou akainua mikono juu. Alipogeuka akamkuta Mzee Ochan amemshikia kikombe cha maji.

Tangu hapo kazi yao ikawa kuchekana. Mzee anasema Kiswahili cha Pitshou kimepikwa na mawese, kinateleza. Pitshou anasema Kiswahili cha Mzee kina amri peke yake, hata akiomba sukari dukani ni kama anaituma vitani. Lakini hata mmoja kati yao hakuwa na mtu mwingine wa kuongea naye lugha hiyo asubuhi, kwa hiyo walivumiliana.

Halafu moyo wa Mzee ukachoka. Ulianza kidogo kidogo, pumzi fupi, miguu imejaa, mpaka Lanyero akaja kumchukua. Lanyero ni binti yake, ni polisi, anakaa kwenye kambi yao na kazi haimpi nafasi ya kuja kila siku. Mzee akalazwa wiki kadhaa. Alipotoka alikuwa mwembamba, lile shati lake la kijani linamning'inia kama bendera siku isiyo na upepo. Watu wa barabarani walimtazama wakanyamaza, na Kamwokya ikinyamaza ujue ni mbaya.

Hospitalini, sista Atoo anayefuatilia wazee wakisharuhusiwa kwenda nyumbani alikuwa amemweleza Lanyero kila kitu vizuri. Chumvi hapana. Ile tembe nyeupe ya kutoa maji mwilini, kila asubuhi. Uzito upimwe kila asubuhi kabla ya chai, na kilo zikibadilika haraka apigiwe simu. Yeye mwenyewe atapiga kila wiki kuuliza hali. Lanyero aliitikia yote. Lakini alikuwa anamtazama baba yake alivyoisha, na neno "zikibadilika" lilipotoka hospitali kushuka mpaka Kamwokya, njiani likawa neno lingine.

Alimwambia Pitshou hivi: ampime Mzee kila asubuhi, na kilo zikianguka tu, ampigie. Akamwambia na lingine, na hili alilisema Mzee akisikia. Akirudishwa tena hospitali, siku ya kutoka hatarudi Kamwokya. Atapandishwa basi la Gulu, kwao Uacholini, aende akae kwa kaka yake Lanyero.

Mzee hakubishana. Alingoja binti yake aondoke, ndipo akamgeukia Pitshou.

"Gulu sitaki. Wenzangu wote wa kule wamekufa. Watanikalisha kwenye kiti, watu waje wanisalimie kama maiti inayopumua."

"Afande, Gulu utaenda siku mimi nitakapokuwa bubu," Pitshou akamwambia.

Basi Pitshou akajipa cheo. Kuanzia asubuhi ile hakuwa tena mtu wa mizani, alikuwa daktari. Alifuta mizani kwa kitambaa chenye maji. Alimwambia muuza chapati apunguze moshi, kuna mgonjwa. Mzee akitokea, mkono ukutani, anavua viatu, anapanda, anasimama wima mikono ubavuni kama anakaguliwa na rais, anasema, "Ripoti."

Na ripoti ikawa nzuri. Baada ya siku chache za mwanzo, kilo zikaanza kupanda. Pitshou alitangaza mpaka waya wake wa kiti ukalegea. Watu wa boda wakapiga honi. Muuza chapati akasema kwa Kiganda, "Ogezze, muzee," umenona, na Mzee, ambaye hajawahi kumchekea muuza chapati, akamchekea. Kesho yake tena zimepanda. Kesho kutwa tena. Pitshou akawa hapitiki. Alikuwa akiwaambia wateja kwamba hospitali walimpa Mzee wakiwa wameshindwa, yeye ndiye anamrudisha, na kwamba siri iko jikoni kwake.

Siri hiyo ilikuwa makayabu, samaki wa chumvi ambaye Mkongomani akimnusa tu analia kwa kukumbuka nyumbani. Mbambu, mke wa Pitshou, aliyapika na nyanya, akatuma bakuli kwa Mzee kila jioni. Kwamba chumvi imekatazwa, walijua. Pitshou alimwuliza mkewe waziwazi kama ametia chumvi.

"Mimi sijatia hata kidogo," Mbambu akamjibu. "Ile iliyomo imekuja na samaki mwenyewe."

Pitshou akaona hilo ni jibu safi kabisa. Hata mahakamani lingepita.

Mambo mengine madogo yakaanza kujitokeza, na kila moja Pitshou alikuwa na maelezo yake. Viatu vya Mzee vikakataa kuingia. Pitshou akasema hata miguu imekula. Mzee akawa anapumzika njiani kutoka chumbani mpaka kwenye mizani, ambapo hata mbuzi mvivu hapumziki. Pitshou akasema unene ni mzigo kwa mtu ambaye hajauzoea, kama pesa kwa mtu wa mshahara wa kwanza. Mzee akaacha kulala kitandani, akawa analala amekaa kwenye kiti. Alisema mwenyewe ni zamu, askari hachoki kulinda. Pitshou akacheka, akaenda kumwongezea mto.

Sista Atoo akapiga simu. Mzee alikuwa amekaa karibu na mizani akivuta pumzi. Alisikiliza kidogo, akampa Pitshou simu, akasema daktari wangu yuko hapa, ongea naye. Pitshou akasimama kabisa kuipokea. Akaeleza jinsi Mzee alivyonona, tangu siku gani, na kila siku kwa kiasi gani, na jinsi mtaa mzima unavyoshukuru. Alipomaliza akangoja asifiwe.

"Usiku analalaje?" sista akauliza.

"Kitandani hataki, sista. Anakaa kwenye kiti kama chifu."

"Nisikilize vizuri. Weka dole gumba kwenye mguu wake, mbele, juu ya kifundo. Bonyeza, subiri kidogo, halafu toa."

Pitshou akapiga magoti barabarani, simu imebanwa kati ya sikio na bega. Alibonyeza. Alipotoa dole, shimo lilibaki pale pale, kama umebonyeza posho ya moto, ugali wa hapa.

"Kuna shimo, sista."

"Linajaa?"

Pitshou akalitazama. "Hapana. Linaniangalia tu."

"Hiyo si nyama," sista akasema. "Ni maji. Moyo umeshindwa kuyasukuma, yanamjaa mpaka kifuani. Mleteni sasa hivi, msingoje kesho."

Watu wanaomjua Pitshou watakuambia kwamba hawajawahi kumwona akitembea mjini bila kuongea. Siku hiyo walimwona. Alikodi gari, akamwingiza Mzee, akafunga mlango kwa upole. Njiani alimpigia Lanyero kwa sentensi moja. Njia yote alikuwa anautazama ule mguu, shimo bado lipo, na Mzee akiutazama uso wake. Mwishoni Mzee ndiye aliyemwonea huruma, akamwuliza kama huko Kongo pia watu wananenepa kwa maji, au ni yeye tu aliyechaguliwa.

Walifika wakati bado inawezekana. Daktari alimchoma sindano ya kutoa maji, akamweka kwenye benchi karibu na choo, akasema wangechelewa siku mbili tatu tu angemlaza na labda asingemrudisha. Jioni alimruhusu arudi nyumbani, kwa sharti la kumwona tena baada ya wiki.

Sista Atoo aliuliza maswali pale kwenye benchi, Lanyero akiwa amesimama na sare yake. Je, tembe anakunywa? Hapo Mzee akasimama wima, akakiri kama askari. Alikuwa ameziacha. Sababu yake, na hii nayo utaikataa, ilikuwa ufunguo. Safu nzima ya vyumba ina choo kimoja chenye kufuli, na ufunguo anao mama landilodi, mwenye nyumba, Mganda mnene mwenye sauti ya spika ya kanisa. Ile tembe ikiingia mwilini, asubuhi nzima unakimbia. Mzee alienda kugonga mlango wa mama landilodi, akapewa ufunguo. Akaenda mara ya pili, akapewa. Mara ya tatu mama landilodi akauliza, watu wote wakisikia, kwani huyu sajenti amemeza mto Nile. Mtu aliyepigana vita hawezi kusimama uani anaomba ufunguo kama mtoto wa shule. Akachagua heshima, tembe akaziweka ndani ya kofia yake ya zamani.

Sista akauliza, na chumvi? Mzee akasema hapana. Pitshou akasoma bango la kunawa mikono ukutani, kwanza juu mpaka chini, halafu chini mpaka juu, na lilikuwa la Kiingereza, lugha ambayo yeye haisomi.

Lanyero alisikia habari ya tembe, ikamtosha. Alimwambia baba yake, bila kupaza sauti, kwamba mtu anayeficha dawa haachwi peke yake. Akirudi kuonana na daktari wiki ijayo, Lanyero atakuja na begi, na kutoka hapo ni basi la Gulu. Mzee akaomba hiyo wiki moja iwe ya kumjaribu kwanza. Aliiomba kwa Kiacholi, kwa sauti ndogo ambayo Pitshou hakuwahi kuisikia kwake.

Wiki hiyo Pitshou alifanya kazi. Kwanza alienda kwa mama landilodi na maneno matamu mengi, mengine ya uongo, akapata ruhusa ya kuchonga ufunguo wa pili. Mama landilodi alileta ufunguo mwenyewe mpaka mlangoni kwa Mzee, na kwa sababu ulimi wake ni wa Kiganda, herufi ele na ere kwake ni ndugu, akamhimiza Mzee kwa nguvu, "Sajenti, kura dawa. Kira siku, kura dawa." Pitshou akamwambia Mzee sasa amekuwa mgombea, dawa nazo zinapigiwa kura. Mzee alicheka mpaka akashika mlango. Makayabu yakasimama. Mbambu akaanza kumpikia mboga bila chumvi, na Mzee akala akisema hata gerezani wanapika vizuri zaidi.

Halafu ikaja shida ya mizani yenyewe. Asubuhi ya kwanza Mzee alipanda, kilo zimeshuka, na Pitshou kwa mazoea yake ya kazi akainama kumnong'oneza.

Mzee hakushuka. "Ripoti kwa sauti."

"Afande, zimeshuka. Watu watasikia."

"Za kupanda ulizitangaza mpaka Mulago. Hizi ndizo nzuri. Tangaza."

Pitshou akatazama kushoto na kulia, akajikaza. "Muzee amekonda," akatangaza, sauti imepasuka katikati. "Amekonda vizuri. Hongera." Akapiga makofi. Mzee akapiga saluti.

Honi zote zikanyamaza. Muuza chapati alishika kifua. Mama mmoja mwenye mkoba aliyekuwa anapita alisimama, akamwuliza Pitshou kama alizaliwa na mtu au alikutwa njiani, maana kumcheka mgonjwa kwa kukonda ni roho gani hiyo. Pitshou akajaribu kueleza habari ya moyo na maji, mama akasema maji yako kichwani kwake. Asubuhi ya pili hivyo hivyo, amekonda, makofi, saluti. Wateja wakaanza kupungua. Nani atapanda mizani ya mtu anayeshangilia wembamba? Yule mama wa Kabalagala alifika, akasikia, akageuka na boda ile ile iliyomleta. Pitshou alimtazama akienda, akamwambia Mzee avue viatu. Viatu siku hiyo vilikuwa vimeingia bila kusukumwa. Na kitanda, Mzee alisema, amekirudia.

Siku ya kuonana na daktari Lanyero alikuja asubuhi mapema, amevaa kiraia, na begi kweli amelibeba. Alimkuta baba yake amesimama juu ya mizani. Alipiga magoti, akabonyeza mguu kwa dole lake mwenyewe, kama sista alivyomfundisha, akangoja. Ngozi ikarudi. Alibaki chini pale muda kidogo, kichwa kimeinama, halafu akasimama akapangusa magoti.

Lakini Lanyero ni polisi, na polisi akifurahi bado anauliza. Alisema ameongea na sista tena. Sista anasema kuacha tembe peke yake hakungemjaza haraka namna ile, kuna chumvi iliyoingia, na nyingi. Akamwuliza baba yake alikuwa anakula nini.

Mzee akatazama mbele. "Chakula."

"Cha nani?"

Mzee akanyoosha mgongo zaidi. Alikuwa juu ya mizani, mikono ubavuni, amefunga mdomo kama mateka aliyekamatwa na adui, na ilikuwa wazi kwamba atapanda basi la Gulu na siri yake, hatamtaja mtu. Lanyero akamgeukia Pitshou. Watu wa boda walikuwa wanasikiliza, muuza chapati ameacha kugeuza.

"Pitshou, mimi sitaki kumfunga mtu," akasema. "Nataka kujua kama naweza kumwacha baba yangu hapa. Aliyekosea na anajua alikosea wapi, hawezi kurudia. Asiyejua atamuua akicheka. Kama unajua, sema, begi hili narudi nalo tupu."

Pitshou alifungua mdomo, na kwa desturi ya mdomo huo ilikuwa wazi kwamba utatoka mzaha. Mbambu angetajwa, samaki angesingiziwa, Kongo yote ingeitwa kutoa ushahidi. Alimtazama Mzee juu ya mizani. Akaufunga, akaufungua tena.

"Nilimpa makayabu, samaki wa chumvi. Nikasema amenona. Yalikuwa maji. Nilikosea."